Gari Lililozimika Njia ya Hospitali

Gari la shemeji yangu lililetwa gereji kwangu Kilindoni likivutwa na trekta, na aliyekaa kwenye usukani alikuwa baba yangu, mtu ambaye hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Alikuwa ameushika usukani kwa mikono miwili, uso ameukunja, hatazami kulia wala kushoto. Aliposhuka aliitikia shikamoo yangu kwa marahaba moja kavu, akanipeleka moja kwa moja kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Alikuwa amekizungushia nailoni na kukifunga kwa kamba, fundo juu ya fundo, ili mtu asije akayamwaga mafuta yaliyomo kabla sijayaona. Ndiyo maana hakutaka gari liwashwe, likavutwa na trekta kutoka Baleni. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule nilitamani kucheka, nikajizuia.

Hakuniambia nilitengeneze gari. Aliniambia nitafute kilichomuua mjukuu wake.

Mdogo wangu ndiye binti pekee wa baba. Mama yetu alikwisha kutangulia mbele ya haki, na tangu hapo baba alikuwa akimtazama binti huyo kama mtu anavyoitazama taa ya mwisho yenye mafuta. Aliolewa palepale Baleni, kijijini kwetu, na kijana anayebeba abiria kwa gari dogo la viti saba. Walikaa muda mrefu bila mtoto, mpaka watu wakaanza kuuliza maswali yasiyowahusu, halafu mimba ikaja. Siku uchungu ulipoanza ulianza na damu. Mume akamlaza kiti cha nyuma, jirani mmoja mwanamke akampakata kichwa, wakashika njia ya hospitali.

Katikati ya njia, kwenye minazi mitupu, gari likazima. Halikukohoa, halikutetemeka, halikutoa moshi. Lilizima tu, likajisogeza lenyewe kidogo kwa nguvu iliyobaki, likasimama. Shemeji akazungusha ufunguo. Selfu ilifanya kazi, injini ikazunguka, lakini haikuwaka. Akafungua boneti, akagusa kila alichoweza kukigusa, akarudi kwenye ufunguo. Ilikuwa adhuhuri, watu wamo majumbani na misikitini. Aliowapigia simu, mmoja alikuwa mbali, Utende, mwingine gari lake halina matairi. Mwishowe likatokea lori lililobeba nazi, mdogo wangu akapandishwa juu ya nazi zile, na hivyo ndivyo alivyofika hospitali. Mtoto alitoka akiwa hana pumzi. Alikuwa wa kike. Mkunga alisema wangefika mapema kidogo pengine mambo yangekuwa mengine, na neno hilo "pengine" likarudi nao kijijini.

Mimi nilikuwa Dar nikinunua vipuri. Niliporudi, mtoto alikwisha kuoshwa, kupewa jina na kuzikwa, na udongo wa kaburi haujakauka. Nikaambiwa baba hakumruhusu shemeji kushuka kaburini kumpokea mwanawe. Alishuka yeye mwenyewe, na umri wake ule, na magoti yale.

Lakini kilichommaliza shemeji yangu machoni pa watu hakikuwa kuzima kwa gari. Ni kwamba jioni ya mazishi alirudi kulichukua pale lilipoachwa, akaingiza ufunguo, likawaka mara moja. Akaliendesha mpaka nyumbani. Kijiji kizima kilimwona akipita ndani ya gari zima, lisilo na kasoro, saa chache baada ya kumzika mtoto aliyekufa kwa sababu gari hilohilo lilikataa kuwaka. Watu hawakuhitaji zaidi ya hapo. Wengine walisema hakukaza mkono, wengine walisema alichanganyikiwa, na baba yangu akasema ni mafuta.

Ili kuelewa kwa nini baba alisema mafuta, lazima ujue huku kwetu injini tunazozijua ni za boti. Mashine ikizima baharini, mshitakiwa wa kwanza ni mafuta, wa pili ni plagi, wa tatu hajulikani. Na mara nyingi huwa ni kweli, kwa sababu petroli yetu huvuka bahari, humiminwa kutoka pipa hadi dumu na kutoka dumu hadi chupa, na kila inapomiminwa huingia maji au mchanga. Wiki ile petroli ilikuwa imekatika Kilindoni. Shemeji alikuwa amenunua ya kwake dagoni, kwa wavuvi wageni waliopiga kambi ufukweni, ambao petroli yao huwa imekwisha kuchanganywa na oili ya mashine ya boti. Alilisema hilo mwenyewe, mbele ya watu, hakuficha. Sijui kama ungekuwa wewe ungesema. Mimi nadhani ningenyamaza.

Basi mambo yakawa hivi. Kwa desturi yetu mwanamke aliyejifungua hukaa kwa wazazi wake mpaka arobaini itimie, na hata aliyempoteza mtoto hukaa. Mdogo wangu alikuwa kwa baba. Arobaini ikiisha mume huja kumchukua mkewe. Baba alitangaza barazani, waliokuwapo wakasikia, kwamba safari hii mume akija atakuta jibu la injini linamngoja. Ikionekana ni mafuta ya dago, ataandika talaka. Na shemeji yangu, badala ya kubisha, alisema ikionekana ni mafuta yake basi ataiandika mwenyewe, hatangoja kuambiwa. Fundi wa kutoa jibu nikachaguliwa mimi, ndugu wa mke, kwa sababu baba hamwamini fundi mwingine, na kwa sababu shemeji hakuwa na nguvu ya kukataa chochote.

Hakuna aliyemuuliza mdogo wangu anataka nini. Nilipokwenda kumwona alikuwa amejilaza ubavu akiutazama ukuta. Maziwa yalikuwa yamemjaa na hakuna wa kuyanyonya, na kanga ya kifuani ilikuwa imelowa. Nilimuuliza kama anahitaji kitu. Akasema anataka kwenda kwake.

Nilianza na mafuta, kwa kuwa ndiyo yaliyoshitakiwa. Nilikata kamba za baba mbele yake, nikaitia petroli kwenye chupa nyeupe, nikazipanga juu ya ukuta ili maji, kama yapo, yashuke chini yajitenge. Hayakuwapo. Kulikuwa na rangi kidogo ya oili, hilo ni kweli, na baba alipoinusa chupa uso wake ulifunguka kwa namna ambayo haikunifurahisha. Akasema sasa nimejionea mwenyewe. Nikamweleza kwamba oili kidogo kiasi kile italifanya gari litoe moshi, itachafua plagi baada ya muda, lakini haiwezi kulizima ghafla na kuliwasha tena jioni. Akaniambia nimesoma chuo cha ufundi lakini sijawahi kupigwa na mawimbi mashine imezima. Nikamwambia gari halina mawimbi. Tukaachana hapo, yeye akarudi Baleni na hasira zake, mimi nikabaki na zangu.

Kesho yake nilifanya kitu ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo. Niliwasha gari, nikaliacha lingurume juani, boneti imefungwa, nikachukua kigoda nikakaa karibu nalo. Lilinguruma vizuri kabisa. Watu waliopita walinitania kwamba nimepata mke mpya nisiyetaka kumwacha peke yake. Jua likapanda, injini ikapata moto barabara, na bila ya dalili yoyote likazima. Lilizima vilevile kama nilivyosimuliwa.

Nikaingia ndani nikazungusha ufunguo, na macho yangu yakawa kwenye dashibodi. Kuna mshale unaoonyesha injini inazunguka kwa kasi gani. Hata kama gari haliwaki, selfu inapoizungusha injini, mshale ule hutikisika kidogo. Ule wa gari la shemeji ulikuwa umelala chini kabisa, haushtuki. Nikachomoa plagi moja, nikaitazama huku mpita njia akinizungushia ufunguo. Haikutoa cheche.

Nitalieleza hili kama nilivyomweleza baba baadaye. Ndani ya injini kuna mhimili mkubwa unaozunguka, tunauita krenki. Mwishoni mwake kuna gurudumu lenye meno, na pembeni ya meno hayo kuna kidude kidogo chenye ukubwa wa dole gumba, sensa ya krenki. Kazi yake ni kuhesabu meno yanayopita na kupeleka habari kwenye kompyuta ya gari. Kwa habari hiyo kompyuta hujua wakati wa kutoa cheche na wakati wa kumwaga mafuta. Habari ikikatika, kompyuta huamini injini imesimama, hata kama inazunguka. Haitoi cheche, haitoi mafuta. Gari zima linanyamaza kwa ajili ya kidude kile. Na sensa mbovu mara nyingi hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa, ndiyo maana gari likaamka jioni.

Nikachomeka mashine ya kupimia, nayo ikasema hivyohivyo, sensa ya krenki. Nilifurahi, na sioni haya kusema nilifurahi. Nilimpigia baba simu nikamwambia mafuta yameokoka, kosa ni la kidude ambacho hakuna binadamu aliyekigusa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mashine yako haijazika mjukuu," akasema, na kukata simu.

Sensa mpya niliiagiza Dar, ikaja kwa boti inayovuka kutoka Nyamisati, upande wa bara. Siku ya kuifunga baba alikuja, na shemeji pia alikuja, akakaa mbali juu ya tairi bovu. Walisalimiana kwa sababu dini inawalazimisha. Shemeji alikuwa amekonda kiasi cha kutisha, shati linamning'inia mabegani, na tangu siku ile alikuwa hajabeba abiria hata mmoja. Nilifunga sensa, nikawasha gari, tukakaa wote watatu tukilingoja. Nilijiona kama mwanafunzi aliyesimamishwa ubaoni. Jua lilipopanda, injini ikapata moto, gari likazima.

Baba aliinuka. Alitikisa kichwa, akachukua kofia yake, akaondoka. Mimi niliitupa spana ikagonga bati, na matusi niliyoyatoa siwezi kuyaandika hapa. Shemeji alingoja nimalize. Halafu akasogea, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa:

"Shemeji, usinifichie. Kama ni mafuta yangu, sema ni mafuta yangu. Angalau nitalala."

Nilimwambia aende nyumbani kwake aniache nifanye kazi. Nilimwambia kwa ukali kwa sababu nisingekuwa mkali ningelia mbele yake.

Sensa ni nzima, kompyuta inalia haipati habari. Baina ya viwili hivyo kuna kitu kimoja tu, nacho ni waya. Waya wa sensa hutoka chini ya injini, hupanda nyuma yake kwa kubanwa karibu na bomba la moshi, hufichwa ndani ya mpira mweusi, kisha huungana na nyaya nyingine. Sehemu ya nyuma haionekani. Inabidi uingize mkono upapase, kama mtu anayetafuta pweza mwambani. Niliingiza mkono, nikaufuata waya kwa vidole, na mkono ulipotoka ulikuwa unateleza na unanuka.

Harufu ile niliijua kabla sijaisogeza puani. Nimezaliwa ndani yake. Baba yangu alikuwa fundi wa mashua mpaka magoti yalipomkataa, na mbao za mashua hupakwa mafuta yanayotoka kwenye ini la papa. Tunayaita sifa. Hunuka mpaka nguo ulizozitundika chumba cha pili zinanuka, lakini mbao iliyopakwa hainyonyi chumvi wala haipasuki juani. Baba aliyaamini kuliko dawa ya hospitali. Alipoacha kuunda mashua, alianza kupaka sifa kwenye kila chuma kinachoweza kuliwa na chumvi: bawaba za milango, rimu za baiskeli, majembe. Sanduku langu la spana alilipaka bila kuniuliza. Na hapa kisiwani si yeye peke yake. Huku chumvi inakula gari kutoka chini, kila mwenye gari hulipaka oili chafu uvunguni, na wenye wazee mafundi wa mashua hupakiwa sifa.

Gari la shemeji baba alilipaka mimba ya mdogo wangu ilipoanza kuonekana. Nilikumbuka alivyonisimulia kwa fahari. Alisema gari litakalompeleka binti yake kujifungua lazima liwe tayari, na alilala chini ya gari siku nzima na burashi ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, akipaka kila chuma, hata bolti moja asiiache. Kisha alifungua boneti akapaka na huko. Alipaka mpaka mahali ambapo mkono wa fundi hauendi. Fundi wa mashua haachi ufa.

Gari lile hulala kando ya banda la mbata, na penye nazi zilizokaushwa hapakosi panya.

Nilifungua mpira, nao ulikuwa umeliwa upande mmoja. Waya wa sensa ulikuwa umetafunwa. Alama za meno zilionekana wazi, ndogondogo, zimepangika vizuri, na gamba la plastiki lilikuwa limeliwa mpaka shaba ikabaki uchi, urefu wa ukucha. Walikuwa wamekuja kulamba sifa, na walipoimaliza wakaendelea na kilichokuwa chini yake. Injini ikiwa baridi waya ule ulikaa mbali na chuma. Ikipata moto, plastiki iliyobaki ililainika, waya ukalegea, shaba ikagusa mwili wa injini, na habari ya sensa ikapotelea hapo. Ikipoa, waya ulikakamaa tena ukajitenga. Niliwasha gari, nikausukuma waya kwa kijiti ukagusa chuma. Likazima. Nikauondoa, likawaka. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa natumaini safari moja halitazima.

Nilikaa chini sakafuni. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi methali hiyo nimeitumia miaka yote kwa mambo ya wivu na majungu. Sikuwahi kufikiri inaweza kumhusu mtu aliyekupenda kupita kiasi. Nilimkasirikia baba. Nilikasirikia panya, jambo ambalo ni la kipumbavu, na nilijikasirikia kwa kuwa na kazi ambayo ukiifanya vizuri lazima upate jibu.

Uongo mwepesi ulikuwapo, na niliutafuta. Ningeweza kusema ni sensa, ni uchakavu, mapenzi ya Mungu, na kila mtu akaenda kwake. Lakini baba alikuwa ameiona sensa mpya ikishindwa kwa macho yake mawili. Kilichobaki ni mafuta au waya.

Siku moja kabla ya arobaini nilimwita peke yake. Nilimwambia ni panya, wametafuna waya, na nilitarajia kuishia hapo. Akataka kuuona. Nilikuwa nimekikata kipande kibovu na kuunga kipya, kwa hiyo nilimpa kile nilichokikata. Alikigeuza mkononi, akapitisha dole gumba juu ya alama za meno, kisha akakipeleka puani. Alikaa na kipande kile puani muda mrefu. 

Hakuuliza panya walifuata nini. Aliniuliza kama "mume wa dada yako" anajua, maana alipokasirika alimwita shemeji hivyo, ingawa mimi ndiye mkubwa. Nikasema bado.

"Basi asijue," akasema. "Wewe sema ni mafuta. Yule kijana ataoa tena. Mimi nina binti mmoja tu, na akijua hili hataniita baba tena."

Sijawahi kumpandishia baba yangu sauti, wala siku ile sikupandisha. Lakini nilikataa. Nilimwambia kuna mtu amekonda mpaka amebaki mifupa kwa dhambi isiyo yake, na kwamba kesho nitasema nilichokiona kwenye injini, kama alivyonituma. Akitaka kusema yeye kabla yangu, nafasi anayo. Alikitia kile kipande cha waya mfukoni mwa kanzu, akaondoka bila kuniaga. Alitembea akishika ukuta.

Arobaini ilisomwa uani kwa baba baada ya alasiri. Dua ilikuwa fupi, na watu walikuwa wengi kuliko sahani, maana kila mtu alitaka kusikia hukumu ya injini. Nilikuja na lile gari, nikaliegesha nje ya ua. Shemeji alikuja kwa miguu, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na kanga mpya za mkewe zimefungwa kwenye mfuko.  Mtu anayeamini anakuja kuandika talaka ameleta kanga.

Nilisimama kusema. Kabla sijafungua mdomo baba alininyooshea mkono nikae, akasimama yeye. Ilimchukua muda kunyooka. Akatoa kile kipande cha waya mfukoni, akakiweka kwenye kiganja, akawaonyesha watu kana kwamba wanaweza kukiona kutoka walipokaa. Alisema mafuta ya kijana hayakuwa na kosa. Alisema gari lilizima kwa sababu waya uliliwa na panya, na panya waliufuata waya kwa sababu ulipakwa sifa, na aliyepaka ni yeye. Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, taratibu, kama anayeeleza namna ya kuunga mbao. Kisha akasimama tu na kiganja chake wazi.

  Shemeji aliinuka, akaenda mpaka mbele yake, akaufunga mkono wa baba kwa mikono yake miwili, waya ukiwa ndani.

"Baba," akasema, "mimi ndiye niliyekushikia kopo la sifa. Ulipomaliza nilikushukuru."

Baba yangu alilia. Sikuwa nimemwona akilia hata siku ya mama. Alimwegemea kijana yule begani, na shemeji alisimama imara, ameyakaza meno, akitazama juu ya kichwa cha mzee kuelekea minazini. Sijui kama alisamehe. Aliyafanya ambayo mtu aliyesamehe hufanya, na kwa siku ile ilitosha.

Ndipo mdogo wangu alipotoka ndani. Alikuwa nyuma ya mlango muda wote, akisikia kila neno. Alikuwa na kifurushi chake cha nguo, amejitanda kanga kichwani, na alitembea polepole kwa sababu bado alikuwa na maumivu. Watu wakampisha. Alipita kwa baba, akamgusa mkono, akausogeza kidogo kuelekea midomoni mwake bila kuubusu. Halafu akaja nilipokuwa.

"Kaka," aliniuliza, "waya ule, ukiwa na mtu anayejua, kuutengeneza huchukua muda gani?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Ningeweza kusema siku nzima. Ningeweza kusema kule njiani hata mimi nisingeweza. Alikuwa ananitazama machoni, na mimi ndiye kaka yake.

"Muda wa kuchemsha chai," nikasema.

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei sokoni. Akamshukuru kila mtu kwa dua, akatoka uani. Niliwahi mbele nikamfungulia mlango wa gari. Aliutazama ule mlango, akatazama kiti cha nyuma, akapita. Mumewe akamfuata, akampokea kifurushi, wakaishika njia ya mchanga inayokatiza mashamba ya mihogo mpaka kwao, upande wa pili wa kijiji.

Gari lilikuwa la shemeji na ilibidi lifike kwake. Nikaingia, nikazungusha ufunguo, likawaka mara moja. Niliwafuata nyuma kwa gia ya kwanza, madirisha yakiwa wazi, viti sita vitupu pembeni na nyuma yangu. Mara mbili mdogo wangu alisimama kupumzika, na mimi nikasimama. Injini haikuzima hata kidogo njia nzima.